Msimu Niliokimbia na Mwenzangu wa Kimuli

Wakala wetu alifurahi sana siku mwenzangu alipopanda mizani na kuonekana amepungua. Tulikuwa Ubelgiji, katika hoteli ndogo kando ya shamba lililogeuzwa kiwanja cha mbio za nyika, na mvua iliyochanganyika na theluji ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Wakala, mzee wa Kizungu ambaye naye aliwahi kukimbia enzi zake, aliinama akasoma mshale, akainuka na kumpigapiga mwenzangu begani.

"Sasa umekuwa mkimbiaji wa kweli," alisema. Kisha akatugeukia sisi wengine na kutuambia tumwige.

Mwenzangu alitabasamu. Mimi sikuweza. Kwetu Karagwe, miaka ile, hakuna aliyempongeza mtu kwa kukonda.

Tulikuwa wasichana wawili na wavulana wawili, wote wanamichezo wa kikosi kimoja cha jeshi, chini ya kocha wetu, sajenti tuliyemwita afande. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wakala alikuwa ametuchukua kwa msimu mzima: mbio za nyika Ulaya wakati wa baridi, mbio za barabarani Japani na Australia, kisha kurudi Ulaya kiangazi kikianza. Kila mwisho wa juma tulikimbia pale alipotuandikisha, tukalala, tukapanda ndege, tukakimbia tena mahali pengine. Hiyo ndiyo kazi. Wapo wanaoifanya miaka kumi, wakawa wanaijua dunia kwa viwanja vya ndege na mistari ya kumalizia.

Mimi ni mtoto wa Bweranyange. Wazazi wangu ni Walutheri, wenye kibanja cha migomba na kahawa kama majirani wote. Mwenzangu alitoka Kimuli, upande ambao siku hizi ni Wilaya ya Kyerwa, lakini zamani zile kote kulikuwa Karagwe. Wazazi wake walitoka Rwanda kabla hajazaliwa, wakaanza kwa kulima kwa kibarua kwenye kahawa za watu mpaka wakapata kipande chao wenyewe. Walikuwa Wakatoliki wa kusali rozari kila jioni. Alinizidi miaka miwili, kwa hiyo nilimwita dada, naye aliniita mdogo wangu. Kambini watu wote walisema Kiswahili. Sisi wawili tukibaki peke yetu tulirudi kwenye Kinyambo, na wenzetu walicheka wakisema tunawasengenya.

Aliwahi kuolewa. Mumewe alikuwa dereva wa lori la kahawa, mtu wa safari za Bukoba na mara nyingine kuvuka mpaka hadi Uganda. Alifariki kabla hawajapata mtoto. Kambini walijua amekufa kwa homa. Mimi nilijua zaidi, kwa sababu nilipokwenda likizo mama yangu alinieleza jikoni kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa mlangoni. Ugonjwa ule tuliuita Juliana, jina la kitambaa kilichouzwa kwa magendo baada ya vita vya Amin, maana waliotangulia kuugua walikuwa wafanyabiashara wa mpakani. Baadaye redio ilitufundisha kusema ukimwi, lakini jikoni kwetu jina lilibaki lile.

Kutoka Ubelgiji tulikwenda Hispania. Huko mwenzangu alishinda.

Nataka niieleze mbio hiyo, kwa sababu watu wanaomkumbuka wanamkumbuka kwa mambo mengine. Njia ilipanda kilima cha udongo mwekundu, mwekundu kama barabara yetu ya kwenda Nyakasimbi, ikazunguka mashamba ya mizabibu iliyokatwa matawi, ikarudi kilimani tena. Mbele walikuwapo wasichana wa Ethiopia na Kenya ambao tuliwaona kwenye kila mbio msimu ule. Mara ya mwisho ya kupanda, mwenzangu aliondoka. Hakuongeza kasi kwa kishindo. Aliendelea tu na mwendo uleule wakati wengine wakipunguza. Nilikuwa nyuma, kwenye mkia wa kundi la kwanza, na niliona mgongo wake mwembamba ukipotea juu ya kilima. Nilipofika mwisho alikuwa amesimama na shada la maua mikononi. Halafu akalitua chini, akaenda nyuma ya hema kutapika.

"Hiyo ni kawaida," afande alisema. "Aliyetoa nguvu zote hutapika."

Jioni ile chumbani alivua jezi akiwa amenipa mgongo, akasahau kwamba kuna kioo. Kuanzia ubavuni hadi chini ya titi alikuwa na malengelenge yaliyojipanga kama mshipi. Kwetu hakuna mtu mzima asiyejua alama hiyo. Ni mkanda wa jeshi, na siku hizo ukimtokea kijana, majirani walianza kuhesabu siku zake.

"Umeanza lini?" nilimuuliza.

"Tangu Ubelgiji."

"Unauma?"

"Unaungua. Jezi ikigusa, natamani kulia."

Nililowesha taulo kwa maji baridi nikamwekea. Kisha nikaanza, "Dada..."

"Usiseme," alinikatiza. "Wewe unajua, nami najua. Tukilitaja litahamia humu chumbani."

"Basi turudi nyumbani. Tumwambie afande unaumwa, tuondoke."

Alicheka kidogo, cheko la puani. "Nirudi Kimuli? Kabla sijashuka kwenye gari watakuwa wameshanizika. Watakuja kunisalimu huku wanaangalia shingo yangu na viwiko vyangu. Wewe umewaona wanavyowaangalia watu. Hapa, mdogo wangu, mimi ni mzuri. Yule mzee amenisifu mbele za watu wote. Niache nisifiwe kidogo."

Wakati ule hapakuwa na dawa. Nasema hivi kwa ajili ya vijana waliokulia siku hizi, ambao wanamwona jirani akimeza vidonge asubuhi na kwenda shambani. Sisi hatukuwa na cha kukimbilia hospitalini zaidi ya jina la ugonjwa. Kwa hiyo nilinyamaza, na msimu ukaendelea.

Japani hakushinda. Alikohoa usiku kucha, na mchana kwenye mbio aliachwa na kundi mapema, akamaliza akiwa na wasichana wa shule. Wakala alisema ni uchovu wa ndege. Alimnunulia vitamini na kumwambia ajizuie kula wali mwingi asije akaharibu uzito wake mzuri. Sikumchukia yule mzee hata siku hiyo. Alisema alichokuwa anakiona, na macho yake yalifundishwa viwanjani.

Jambo moja la Japani lilituchekesha. Mwenzangu alikuwa amebeba kahawa yetu ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya porini na kukaushwa na maganda yake, ambayo mgeni hupewa akifika nyumbani. Alikuwa ameifunga kwenye jani la mgomba lililokauka. Ofisa wa forodha aliifungua, akainusa, akamwita mwenzake, naye akainusa. Mwenzangu akachukua punje moja akaitafuna mbele yao, kisha akawakaribisha kwa mikono miwili kama anavyokaribishwa mkwe. Ofisa mmoja akachukua. Alitafuna kwa adabu, uso umekunjamana, huku tukiwa tumejizuia mpaka machozi yakatutoka. Sikumbuki tena kumwona akicheka hivyo.

Australia tulifikia mji mdogo wa pwani, na mji huo ulikuwa umejaa watu wa mchezo ambao sikuwahi kuusikia. Wanateleza juu ya mawimbi ya bahari wakiwa wamesimama kwenye ubao. Wenyewe walikuwa na mashindano wiki hiyohiyo, na nusu ya hoteli yetu ilikuwa yao: mbao ndefu zimeegemezwa ukutani kwenye korido, mchanga kwenye zulia, vijana wenye nywele zilizochomwa na chumvi. Walikuwa wakilipwa kwa mchezo wao kama sisi. Nao walizunguka dunia msimu mzima wakiyafuata mawimbi, pwani hadi pwani.

Asubuhi moja msichana mmoja wao, Mbrazili, alikaa kwenye meza yetu kwa kukosa nafasi. Kidevu chake kilikuwa na nyuzi za kushonwa. Nilimuuliza kwa Kiingereza changu cha sekondari kama anashinda.

"Kila mahali natolewa raundi ya kwanza," alisema. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama changu, kwa hiyo tulielewana. "Msimu wote huu."

"Kwa nini usirudi kwenu?"

Aliinua mabega. "Nikirudi, wataniuliza."

Mwenzangu alitaka kujua amesema nini. Nilipomtafsiria aliacha kula, akamtazama yule msichana. "Mwambie nimemwelewa kabisa," alisema.

Mchana tulishuka ufukweni kumtazama. Sisi ni watu wa nchi kavu. Maji tunayoyajua ni mto Kagera, na mtoto wa kwetu hufundishwa kuuogopa kwa ajili ya mamba. Mawimbi ya pale yalikuwa marefu kuliko nyumba. Nilidhani mchezo wenyewe ni kuteleza, kumbe sehemu kubwa ni kungoja. Wanalala juu ya mbao zao mbali kule, wanaelea, wanaangalia upeo wa bahari, na muda unahesabiwa. Yule Mbrazili alikuwa na wenzake watatu majini. Wenzake walipata mawimbi. Yeye alisogea huku, wimbi likaja kule. Alirudi kule, likaja huku. Mwishowe bahari ikatulia kabisa. Honi ikalia, muda umekwisha, naye hakuwa amesimama kwenye ubao hata mara moja.

Alitoka majini akiburuta ubao wake. Watu walikuwa wameshageuka kuwatazama wanaofuata. Mwenzangu peke yake alisimama mchangani, kanga mabegani, akampigia makofi. Msichana yule alitutazama, sijui kama alitutambua, akapita.

Mbio yetu ilikuwa kesho yake, kwenye barabara ya kandokando ya bahari. Jua lilikuwa kali na upepo ulitupiga usoni. Mimi nilikuwa katika hali nzuri kuliko siku zote za msimu. Nilikaa na walioongoza hadi karibu na mwisho, nikamaliza wa tatu, na wakala akanikumbatia akinipa habari kwamba ameshaniandikisha mbio kubwa Ulaya mwezi unaofuata. Nilikuwa bado nahema nilipomwona afande akikimbia kuelekea tulikotoka. Ndipo nikamtafuta mwenzangu kwa macho na kumkosa.

Alikuwa ameanguka kwenye kona, akabebwa na gari la wagonjwa. Mimi nilikuwa mbele sana, sikuona chochote.

Hospitalini walimwekea maji, wakampima kifua, wakamwomba damu. Aliitoa bila kuuliza. Baada ya siku chache daktari, mwanamke wa makamo, alikuja na kiti akakaa karibu na kitanda. Mwenzangu hakujua Kiingereza, na afande alikuwa amekwenda kushughulikia tiketi. Nikabaki mimi wa kutafsiri.

Daktari alisema taratibu, akikata sentensi fupifupi ili nimfuate. Nilielewa yote. Tabu ilikuwa kuyasema. Kinyambo changu hakikuwa na neno la hospitali kwa jambo lile, na Kiswahili cha redio kilikuwa kikavu mno kumwambia mtu aliyelala mbele yako. Nikasema, "Dada, anasema ni Juliana."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa basi limechelewa. "Mwambie asante kwa kazi yake," alisema.

Hotelini habari ilitutangulia. Wavulana wetu walihamishia vitu vyao ghorofa nyingine. Mhudumu alikuja amevaa glavu akachukua vikombe vya chumbani kwetu na havikurudi. Wakala alisimama mlangoni bila kuingia. Macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa anajikuna mikono.

"Mimi nilimsifu," alisema. "Pale kwenye mizani. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

Kisha akasema atamsafirisha mwenzangu nyumbani na mtu wa kumsindikiza, lakini mimi nibaki, maana mwili kama niliokuwa nao siku zile haurudi mara mbili. Nikamwambia nitamsindikiza mimi.

Afande aliniita pembeni. "Ukiondoka sasa, nafasi yako inakwenda kwa mwingine. Sitaweza kukusaidia."

"Nimeelewa, afande."

Mwenzangu mwenyewe aligombana nami. Alisema nisimfanye sababu ya kuacha mbio. Lakini ndani ya ndege alinishika mkono tangu ilipopaa, akalala, na hakuuachia.

Kutoka Dar es Salaam tulipanda treni hadi Mwanza, meli hadi Bukoba, kisha gari la kupanda Karagwe. Kila tulipokaribia nyumbani, watu walizidi kutuangalia. Dar hakuna aliyegeuza shingo. Kwenye meli mama mmoja aliyekaa karibu nasi alimtazama mwenzangu, akamvuta mtoto wake taratibu hadi upande wa pili. Tulipofika Kayanga kondakta alimpa mwenzangu kiti cha mbele bila kuombwa, na hiyo ilimuumiza kuliko yule mama.

Mama yake alikuwa anaanua kahawa uani tulipofika Kimuli. Nilitangulia kusema, "Shikamoo mama." Aliitikia marahaba, lakini macho yake yalikuwa kwa binti yake. Hakulia. Alipangusa mikono kwenye kanga, akamsogelea, akampapasa uso, kisha mabega, kisha mikono hadi vidoleni.

"Umechoka na safari," alisema. "Ingia ndani ule."

Baba yake alibaki nje mpaka giza likaingia.

Aliishi miezi kadhaa. Mimi nilikuwa nikienda kila nilipopata lifti au baiskeli, nikilala kwao siku mbili tatu. Watu walikuja kumsalimu kama alivyosema, na walimwangalia shingo na viwiko kama alivyosema. Aliwapokea ameketi kitako, amevaa traksuti ya timu iliyofungwa zipu hadi kidevuni, hata jua likiwa kali. Waliokuja na maneno ya dini aliwasikiliza. Waliokuja na majina ya waganga aliwashukuru. Mara moja tu alikasirika, shangazi yake aliposema kwamba safari za Uzunguni ndizo zilizomletea. "Usiwasingizie Wazungu," alisema. "Nililetewa hapahapa, kitandani kwangu, na mtu niliyempenda." Shangazi akaaga.

Alikufa wakati wa senene, watoto wakikimbizana nje na makopo ya kukusanyia panzi hao. Tulimzika kwenye kibanja cha baba yake. Siku hiyo kulikuwa na msiba mwingine kwenye kilima cha pili, kijana wa watu, kwa hiyo waombolezaji waligawana. Wengine walikuja kwetu asubuhi wakaondoka kabla ya mazishi kuwahi kule. Padri naye aliharakisha. Hakuna aliyelaumu. Wakati ule watu walikuwa wamechoka hata kulia, na kuni za matanga zilihitajika tena kabla hazijakauka.

Nilirudi kikosini mwaka uliofuata. Nilikimbia majaribio, nikaachwa vibaya, nikapewa muda, nikaachwa tena. Mguu haukuwa na jeraha wala kifua hakikuwa na tatizo. Nilikuwa nikifika kwenye kilima, mahali ambapo mtu anatakiwa aamue kuwaacha wenzake, na sikuona sababu ya kuamua. Afande aliniambia kwa upole niende nyumbani.

Bweranyange niliendelea kutoka asubuhi kukimbia, kwa mazoea tu, kwa sababu mwili ulikuwa unaniamsha wenyewe. Ndipo nikaanza kuona. Wanawake kisimani walinyamaza nikifika. Mchumba aliyeleta posa kupitia kwa mjomba wangu aliiondoa bila maelezo. Nilikuwa mwembamba, nilitoka jeshini, nilitembea nchi za watu, na rafiki yangu alikufa kwa ugonjwa unaojulikana. Nilipima Bukoba, nikawa sina kitu. Lakini majibu yale ningemsomea nani? Ningesimama sokoni?

Mama yangu alivumilia, kisha asubuhi moja akanizuia mlangoni nikiwa nimeshafunga viatu.

"Mwanangu, usitoke."

"Kwa nini, mama?"

Aliangalia barabara, ambako watu walikuwa wanapita kwenda mnadani. "Wanakuona," alisema. "Kaa ule."

Nilivua viatu. Alinipakulia ndizi na karanga, sahani iliyojaa, akakaa mbele yangu mpaka nilipomaliza, akaniongeza. Alifanya hivyo kila siku kwa miezi mingi, kama anayemlea mama aliyejifungua. Nilinenepa. Watu wakaanza kunisalimu vizuri, na baadaye nikaolewa na mwanamume aliyefiwa na mkewe, mwenye watoto, mtu mkimya wa Nyakasimbi. Sijakimbia tena.